Kinga Tisa Ndani ya Kamioneti Moja

Wengine wamekwisha kuandika katika gazeti letu juu ya mpira, juu ya masomo, na juu ya tabia njema. Sisi wa kwaya tuliombwa kuandika juu ya safari yetu ya Lubero ya mwaka 2023, nasi tulikawia sana, maana safari ile ina sehemu isiyo nzuri kusimulia. Hata siku moja mlinzi wa shule yetu alituambia: "Mukiandika juu ya kuimba tu, munadanganya batu. Muandike na juu ya kupakia." Basi tunaandika juu ya kupakia.

Kwetu hapa Kirumba tunasema kinga, na katika kitabu tunaandika baiskeli. Ni kitu kimoja. Kinga ya kwetu si ya michezo. Ni ile nyeusi, ndefu, ya magurudumu makubwa ya inchi 28, breki zake ni vyuma vinavyoshuka kutoka gidoni, na nyuma ina portebagaji ya nguvu. Wazee walikuwa na Raleigh kutoka Uingereza. Siku hizi utaona zaidi Phoenix ya China ao Hero ya India, zinazofika Butembo zimefunguliwa, zimo ndani ya makatoni, na mafundi wanaziunga pale. Kinga kama hiyo, bila mzigo, inapima karibu kilo 20. Lakini mtu akiisukuma inabeba magunia mawili ya unga wa muhogo kupanda mlima, na asiyeamini asimame barabarani siku ya soko.

Tuliondoka Kirumba juma lililofuata Pasaka. Tulikuwa tisa, kila mtu na kinga yake, ila kinga nane tu zilitoka katika nyumba zetu. Ya tisa ilikuwa ya Mama mmoja mjane wa kanisa letu. Alimwazima mwenzetu mmoja wa kilasi ya nne kwa sababu ni jirani yake na kila jioni anamchotea maji. Mama alisema tu: "Mutoto, hii kinga njo shamba yangu." Yaani shamba lake ni kinga ile. Kijana mmoja anaikodi, anashuka nayo vijijini kuleta unga, na kila soko anamletea Mama sehemu yake. Katika sehemu hiyo unatoka mnyu, mafuta ya taa, na minervali ya binti yake, ambaye wakati ule alikuwa katika shule yetu hii.

Juu ya kwenda hatutasema mengi. Barabara kutoka Kirumba mpaka Alimbongo ni kupanda, na mwenye kinga anasukuma zaidi kuliko anavyopanda. Tulilala Alimbongo kwa wakristo wenzetu, ambao walitupa viazi vya moto na blanketi, maana kule juu baridi ni kali na ukungu unafunika hata mlango wa nyumba. Kesho yake tukafika Lubero. Tuliimba. Walisema tumeimba vizuri. Siku ya Mungu mchungaji alihubiri kutoka Wagalatia sura ya 6, juu ya kuchukuliana mizigo, nasi tulijibu Amina kwa sauti kubwa kuliko kwaya zote.

Siku ile ile, kisha ibada, mwenzetu yule wa kilasi ya nne alianza kutetemeka na kutapika. Ilikuwa malaria. Mvua nayo ilikuwa inafunga upande wa milima, na kesho yake masomo yangeanza. Mwalimu aliyetuongoza akaona hatuwezi kurudi kwa kinga. Akatafuta gari, akapata kamioneti moja iliyotoka Butembo asubuhi, ikapita ule mstari wa Ikweta ambao mwalimu wa jiografia anatuchorea ubaoni, na ilikuwa inashuka Kirumba na chumvi na sabuni. Ilikuwa Hilux ya kabina mbili. Mwalimu akasikilizana na shofa. Mgonjwa wetu akabanwa ndani ya kabina kati ya wasafiri, kichwa chake juu ya bega la mwalimu. Sisi nane na kinga tisa tukabaki nyuma, na boyi-shofa akiwa amesimama juu ya magunia akipiga makofi.

"Mulalishe! Mulalishe! Hamuone mvua?"

Kulalisha ni namna ya kwanza ya kupakia kinga, nayo ndiyo ya haraka kuliko zote. Unalaza moja chini, unatia ya pili juu yake, na ya tatu, mpaka mwisho, kisha kamba moja juu ya yote. Hakuna kupima, hakuna kufungua kitu. Boyi-shofa wote wanaipenda.

Sasa tuseme jambo lililotuletea aibu. Boyi-shofa aliuliza: "Tuanze na gani?" Kila mmoja wetu alikuwa ameshika gidoni ya kinga yake. Hakuna aliyesogea. Kando ya ukuta wa duka kulikuwa na kinga moja iliyoegeshwa bila mtu, kwa sababu mtu wake alikuwa ndani ya kabina anatapika katika mfuko wa plastiki. Tukasema: "Ile pale." Neno lile lilitoka katika vinywa zaidi ya kimoja. Baadaye tulitafuta ni nani aliyelisema kwanza, hatukupata, na leo hatutafuti tena.

Ikawekwa chini kinga ya Mama. Na hata chini haikulala sawa. Magunia ya chumvi yalikuwa yamejaza upande wa mbele, na mlango wa nyuma uliachwa wazi kwa sababu kinga ni ndefu. Basi gurudumu la mbele lilipanda juu ya gunia, la nyuma likakaa juu ya ubao wa gari, na katikati kulikuwa wazi, kama daraja. Juu ya daraja hilo tukaweka kinga nane. Juu ya kinga nane tukakaa sisi wenyewe, wanane, na mavazi ya kwaya.

Mvua ilitukuta mbele ya Alimbongo. Usiku ukaingia. Gari lilikuwa linaanguka katika mashimo, linapanda, linaanguka tena. Karibu na Kaseghe tulisikia chini yetu sauti, kaa! kama fimbo inayovunjika. Mmoja akauliza ni nini. Mwingine akasema ni ubao wa gari. Tukaendelea kuimba ili tusisikie baridi.

Tulifika Kirumba kama saa nne za usiku. Kinga nane za juu tulizishusha haraka, kila mmoja akaenda kwao. Zilikuwa na mikwaruzo tu, na moja ilipoteza kengele. Ya tisa tuliivuta kwa shida, kwa sababu pedali ya nyingine ilikuwa imeingia katika njiti zake. Tulipoiangaza na simu tukaona gurudumu la mbele limekuwa kama namba 8. Furshi ilikuwa imepinda upande. Tuliiegesha nyuma ya nyumba ya mlinzi wa shule, na tukasema tutaeleza kesho.

Kesho yake hatukueleza. Tulifikiri tupate fundi kwanza, ndipo tuseme. Lakini Kirumba si mji mkubwa hivyo. Saa nne ya asubuhi Mama yule alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya prefe, na kanga yake ya kanisa. Hakupiga kelele. Tulipoitwa alitutazama mmoja mmoja, akauliza neno moja tu:

"Batoto, kinga yangu ililala wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mwenzetu mgonjwa hakuwapo, alikuwa hospitali. Mwishoni mmoja wetu akasema: "Chini, Mama." Akauliza tena: "Chini ya nini?" Tukasema: "Chini ya zote, Mama. Na ya sisi." Akatikisa kichwa, akashukuru prefe, akaenda zake. Tungependa zaidi angetupiga.

Prefe alituambia tuitengeneze, na alisema hataki kusikia habari ya mabishano. Lakini mabishano yalikuwapo, siku ile ile, chini ya mti wa avoka. Wengine walisema wanane wote walipe sawa. Wengine walisema alipe boyi-shofa, lakini kamioneti ilikuwa imekwisha kurudi Butembo, na kwa kweli boyi-shofa alituuliza, nasi ndio tuliojibu. Mmoja wetu mwenye Phoenix mpya alisema: "Mimi siko ndani. Kinga yangu ilikuwa juu kabisa, haikugusa ya Mama hata kidogo." Maneno hayo yalionekana kuwa na akili. Ndipo tukaenda kumwuliza mwalimu wa fizikia.

Yeye hakutuambia nani alipe. Alichora tu ubaoni. Kinga nane kwa kilo 20 ni kilo 160. Wanafunzi wanane, tuseme kilo 50 kila mmoja, ni 400. Jumla kilo 560. Alisema si zote zilizokaa juu ya ile ya chini, maana sehemu nyingine ilishika kuta za gari na magunia. Lakini uzito wa ile ya juu kabisa haubaki hewani; unashuka kupitia ya saba, ya sita, ya tano, mpaka chini. Kutogusa si kutopima. Kisha akaleta gurudumu moja kuukuu mbele ya kilasi. Akalisimamisha, akaliegemea na mwili wake wote, halikufanya neno. Akalilaza juu ya matofali mawili, akalikanyaga katikati na mguu mmoja tu. Likapinda. Gurudumu lililosimama, alisema, linabeba mtu na magunia yake kwa sababu njiti zote zinavutana kutoka katikati kuelekea ukingo. Likilala, zile njiti hazina nguvu upande ule. Hazikutengenezwa kwa hilo. Mwenye Phoenix alisikiliza, akatoka bila kusema.

Majuma matatu hakuja. Sisi saba tulifanya matofali kila Jumamosi kwa mtu mmoja aliyekuwa anajenga: kuchimba udongo, kuukanyaga, kuuingiza katika kalibu, kuyapanga. Mwenzetu wa kilasi ya nne alipopona alikuja pia, ijapo yeye hakuwa na deni, na tulimwambia hivyo, akasema yeye ndiye aliyeazima. Jumamosi ya nne tulimkuta mwenye Phoenix amekwisha kufika mbele yetu, miguu yake ndani ya udongo. Hakueleza neno nasi hatukumwuliza. Yeye ni mmoja wa sisi tunaoandika hapa.

Furshi mpya, ukingo wa gurudumu na njiti vilitoka Butembo. Fundi wa hapa aliunga kwa siku mbili. Toka siku ya ajali mpaka siku tuliporudisha kinga kwa Mama ni majuma matano. Kwa mtu mwenye mshahara majuma matano ni kitu kidogo. Kwa Mama ni masoko matano bila sehemu yake. Na katika majuma hayo binti yake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, kama ilivyo sheria, na tulikuwa tunamwona kwenye maji saa za masomo, na bido yake, nasi tukiwa tunapita na madaftari. Alirudi karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka. Hakufaulu. Alirudia kilasi. Hatuwezi kusema ni kwa sababu ya kinga peke yake, lakini sisi tisa tulipanda kilasi mwaka ule, yeye hakupanda. Tumemwonyesha ukurasa huu kabla ya kuutoa. Alisoma mpaka mwisho, akasema jina lake tusilitie, na kwamba bido ilikuwa ya manjano.

Sasa tuandike namna nyingine za kupakia, maana tulizitafuta baadaye kwa bidii kama mtu anayejifunza kuogelea akiisha kuzama. Mwalimu wetu alikuwa ni yule mlinzi wa shule. Zamani, kabla hajazeeka, alikuwa boyi-shofa wa makamio ya Butembo na Goma, na hakuna kitu ambacho hajafunga kwa kamba, hata ng'ombe.

Kwanza alituambia tupime. Kinga yetu toka mbele mpaka nyuma ina karibu sentimetre 190. Nyuma ya Hilux ya kabina mbili urefu ni karibu sentimetre 150. Basi kinga haiingii ikinyooka, mlango ukifungwa. Mwalimu wa hisabati alifurahi sana aliposikia, akatutolea Pythagoras: 150 kwa 150 ya upana, ukizidisha na kujumlisha, mzizi wake ni karibu 212, kwa hiyo kinga moja inaingia kwa pembe, toka kona mpaka kona. Ni kweli, tulijaribu, inaingia. Lakini ya pili kando yake haiingii tena, kwa sababu kona ni moja. Pythagoras anafaa mtu mwenye kinga moja. Hilux ya kabina moja ina nyuma ndefu zaidi, karibu sentimetre 230, na pale kinga zinasimama vizuri.

Kusimamisha ndiyo namna mlinzi anayoipenda. Kinga zinasimama juu ya magurudumu yao, moja inatazama mbele, inayofuata inatazama nyuma, hivyo hivyo, ili gidoni zisigongane. Kati ya moja na nyingine unatia gunia tupu lililokunjwa, hasa pale pedali inapoelekea njiti za jirani. Nne zinakaa bila taabu, tano kwa kubanana, sita kama kila mtu ana uvumilivu. Watu wengine wanazungusha gidoni ili ilale pamoja na kadre na kupunguza upana. Mlinzi alikataza, kwa sababu breki zetu ni za vyuma: vyuma vile vimefungwa toka gidoni mpaka furshi, na ukizungusha gidoni peke yake vinapinda. Kwa kinga za breki za waya hakuna shida hiyo.

Kutoa pedali ni vizuri, lakini mujue jambo moja. Pedali ya kuume inafunguka kama parafujo zote. Ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Wametengeneza hivyo ili isijifungue yenyewe wakati wa kukanyaga. Sisi hatukujua. Tulitia nguvu, tukaongeza bomba juu ya ufunguo, watu wawili wakavuta, na mlinzi alikuwa ameketi anatutazama tu mpaka tukachoka. Ndipo akaja na mkono mmoja.

Kamba pia ina habari yake. Ile ya plastiki inakaza vizuri mbele ya duka, lakini gari likitikisika kilomita kumi inalegea. Mlinzi anatumia mipira ya ndani ya magurudumu iliyochakaa, iliyokatwa virefu. Mpira unavuta wakati wote. Gari likiruka, nao unafuata. Na usifunge kinga kwa njiti wala kwa gidoni. Unafunga kwa kadre, chini ya kiti, na kwa shingo ya mbele, kisha kila moja inafungwa peke yake kwenye chuma cha gari kabla ya kuunganisha zote. Ikiwa zote zimefungwa kwa kamba moja na kamba hiyo ikakatika, mumekwisha.

Kuna kutundika kando. Utaona makamioneti yametundika kinga nje ya kuta, pande mbili, kama masikio. Inaacha nafasi kwa mizigo na kinga haipati uzito wa kitu. Lakini barabara yetu ni nyembamba wakati wa mvua, na ukikutana na Fuso katika matope hakuna anayetaka kurudi nyuma, nayo kinga ndiyo inayokwaruzwa kwanza. Kuna pia kuigeuza juu ya mizigo, magurudumu yanatazama mbingu, inasimama kwa kiti na gidoni. Makamio yanafanya hivyo na si vibaya kwa magurudumu. Matawi ya miti tu ndiyo adui, na kengele, taa na pompi zinapotea njiani, usiulize zimekwenda wapi.

Mwalimu mmoja alituonyesha katika simu yake picha ya Marekani. Kule wanatandika kitu kama godoro dogo juu ya mlango wa nyuma uliofungwa, kinga inakaa ndani, na gurudumu la mbele linatoka nje na kuning'inia juu ya mlango. Zinakaa tano ao sita hivyo, zikijipanga kama mbuzi wanaochungulia. Tulijaribu na godoro kuukuu la bweni. Kwa kinga nyepesi itakuwa nzuri. Zetu ni nzito na katika mashimo zinaruka, lakini kwa mwendo mfupi mpaka Kayna tungekubali.

Mwenye chukudu mmoja alisimama kututazama siku ile ya majaribio, akacheka sana. Chukudu chake ni cha mti wa mkaratusi na magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira. "Hii," alisema, "mutie chini, mutie juu, hainunake." Ana haki. Kule Goma walisimamisha sanamu kubwa ya mtu anayesukuma chukudu, mwaka 2009, na hatujasikia mahali walipofanya hivyo kwa kinga.

Mwezi wa nane 2023 tulisafiri tena, mpaka Kanyabayonga, kwa uinjilisti, na kamioneti ya kabina moja. Kinga zilikuwa sita, mojawapo ni ile ya Mama. Tulimwomba wenyewe, na tulifikiri atakataa. Alikuja mwenyewe asubuhi kuona tukipakia. Tulizisimamisha, yake ikawa katikati, na gunia kila upande. Aliingiza mkono kati ya njiti na pedali ya jirani, akaona mkono unapita. Akasema: "Sawa." Kinga zote sita zilirudi jinsi zilivyokwenda, nasi tulikuja wima tumeshika chuma, miguu imekufa ganzi.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini ninyi nyote munajua yaliyokuja mwisho wa mwezi wa sita 2024. Tarehe 28 M23 waliingia Kanyabayonga, na katika siku zilizofuata vita ilifika kwetu. Barabara ilijaa watu toka Kanyabayonga, toka Kayna, kisha sisi wenyewe, wote tukielekea Lubero na Butembo. Kila gari lililopita lilikuwa na watu juu ya magodoro, na magodoro juu ya mbuzi, na kinga juu ya yote. Hakuna aliyepima kitu siku zile. Tuliona kinga zimerushwa ndani ya makamioneti kama kuni, na hatuwalaumu waliozirusha.

Mbele ya soko tulimkuta Mama. Kinga yake ilikuwa na godoro na sufuria juu ya portebagaji, na mjukuu mdogo amekalishwa juu ya godoro, amefungwa kwa kitenge. Binti yake alikuwa anasukuma nyuma. Kamioneti moja ilisimama, iliyokuwa na mtu wa ukoo wao, na boyi-shofa akanyosha mikono kupokea kinga. Watu wa nyuma walikuwa wanapiga kelele gari liende. Mama alishika gidoni, akamwuliza yule kijana:

"Itakaa wapi?"

Kijana akaonyesha kwa kidevu. Kulikuwa na rundo la kinga limelala, na watu juu yake. Mama akasema: "Twala huyu mutoto tu." Akafungua kitenge, akampandisha mjukuu kwa yule mtu wa ukoo, na gari likaenda.

Wanne kati yetu tulikuwa kwa miguu. Tulisukuma pamoja nao, kwa zamu, mpaka Kaseghe siku ya kwanza, na Alimbongo siku ya pili. Mwenye Phoenix alikuwapo. Phoenix yake ilibaki nyumbani kwao na hakuikuta tena aliporudi. Sisi wengine tumerudi Kirumba na tunasoma, wengine wako Butembo mpaka leo na hatujui kama gazeti hili litawafikia. Kinga ya Mama ilifika Lubero na magurudumu yake mawili mazima. Pompi tu ndiyo iliibiwa, usiku, Alimbongo, tulipokuwa tumelala.